Jino moja moja: ninavyochagua gia za bagi ya mashindano

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wote kuhusu bagi za rimoti, yaani vigari vya mashindano ya nje ya lami, ni huu: "Unataka mbio? Weka pinioni kubwa." Unaofuata ni wa kunakili gia za bingwa fulani na mambo yaishe. Ukiufuata wowote kati ya hiyo miwili, andaa na hela ya mota nyingine.

Nazungumzia bagi ya umeme ya 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, betri ya lipo ya seli 2. Pinioni ni ile gia ndogo iliyovaa kwenye shafti ya mota. Inazungusha gia kubwa, nayo gia kubwa inapeleka nguvu ndani ya giaboksi. Wengi hugawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni wakaishia hapo, wakaisahau giaboksi. Mimi natumia gia kubwa ya meno 81 na pinioni ya 21, yaani 3.86. Giaboksi yangu ina uwiano wake wa ndani wa 2.6, kwa hiyo uwiano wa mwisho ni 10.03: mota inazunguka mara kumi ndipo tairi limalize mzunguko mmoja. Mwenye giaboksi ya 2.4 akikwambia naye anatumia 81 na 21, uwiano wake ni 9.26. Hayo ni magari mawili tofauti, na ndiyo maana kunakili meno ya mtu hakukufikishi popote.

Halafu kuna tairi. Tairi jipya la kipenyo cha milimita 84 lina mzingo wa milimita 264 hivi. Gawanya kwa 10.03 upate 26.3, yaani kila mota inapozunguka mara moja gari linasogea milimita 26.3. Namba hii ndiyo ninayoiandika, maana inabeba kila kitu. Vichuchu vya tairi, vile vijiti vya mpira vinavyong'ata udongo, vikilika milimita mbili kila upande, kipenyo kinabaki 80, na namba inashuka hadi 25. Hapo hujagusa gia hata moja, lakini ni sawasawa na kushusha pinioni kutoka meno 21 hadi 20. Ukiona gari limepungua kasi baada ya mashindano kadhaa, pima tairi kwanza kabla hujamlaumu fundi wa betri.

Pa kuanzia ni jedwali la mtengenezaji wa gari au wa mota. Mota ya 7.5 (namba hii ni mizunguko ya waya ndani ya mota) kwenye bagi ya namna hii huangukia kwenye uwiano wa mwisho wa karibu 10, ile ya 17.5 huwa karibu na 7. Naanza na pinioni iliyopungua jino moja au mawili kwa ile inayopendekezwa, kisha napanda jino moja moja. Kuanza juu na kushuka ni kupima kwa kuunguza.

Sasa hiyo pinioni kubwa. Niliifunga ya meno 25 badala ya 21, ili tu niwe na majibu. Kwenye karatasi inapendeza mno: uwiano unakuwa 8.42 na mwendo wa mwisho unaongezeka asilimia 19. Uwanjani ni kioja. Kutoka kwenye kona gari linajikokota, mfano wa baiskeli inayoanza mlima ikiwa kwenye gia nzito. Linapoanza kuchanganya, sehemu iliyonyooka imekwisha na breki zinaitwa. Rampu iliyo karibu na kona halivuki tena, linatua kwa pua upande wa huku. Yale mbio ya kwenye karatasi hayakuonekana hata mara moja, maana njia ya kuyafikia haipo. Na joto sasa! Mota inayolazimishwa kuzunguka taratibu chini ya mzigo inavuta ampea nyingi, na ampea zikiwa maradufu, joto kwenye waya linakuwa mara nne. Sumaku ya rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, ikizidi joto inapoteza nguvu na hairudi tena. Mota itaendelea kuzunguka, ila imekuwa goigoi moja kwa moja.

Kikomo changu ni nyuzi 75 za Selsiasi. Endesha dakika tano kwa kasi ya mashindano, siyo kuzungukazunguka, kisha pima papo hapo kwa kipimajoto cha kuelekeza, kwenye ganda la mota. Pima tena baada ya dakika mbili. Mara nyingi imepanda, kwa sababu upepo umekatika na joto la ndani linatoka nje. Naitumia ile namba kubwa. Ikiwa 60, bado nina jino la kuongeza. Ikiwa 74 asubuhi, mchana wa jua kali natoa jino bila kusubiri. Zulia na udongo unaoshika sana huichosha mota kuliko vumbi, kwa kuwa tairi halitelezi kupunguza mzigo.

Upande wa pili nasikiliza kwa sikio. Mota ikilia sauti ileile kuanzia nusu ya sehemu ndefu iliyonyooka, imefika mwisho wa mbio zake mapema, yaani pinioni ni ndogo. Nataka sauti iendelee kupanda na itulie mita chache tu kabla ya breki.

Tatizo ni kwamba jino moja la pinioni ni karibu asilimia 5, na mara nyingine 21 inalia mapema huku 22 inachemka. Watu hubaki hapo wakibishana. Dawa ni gia kubwa tatu: 78, 81 na 84. 81 kwa 21 ni 10.03. 84 kwa 22 ni 9.93. 78 kwa 21 ni 9.66. 81 kwa 22 ni 9.57. Umepata vituo viwili katikati ya jino moja! Nimeviandika kwenye kipande cha karatasi ndani ya boksi la vifaa, na huko uwanjani sipigi hesabu tena.

Angalia tu jumla ya meno. Kwa gia za pichi 48 (meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo), kila jino linaloongezeka kwenye jumla linaisogeza mota milimita 0.26. Kutoka 81 na 21 hadi 84 na 22 ni meno manne, milimita moja na ushee, kwa hiyo lazima uzikutanishe gia upya. Jumla ikibaki ileile, mfano 80 na 22, mota haisogei. Pichi 48 na 64 usizichanganye kamwe. Zitakula meno ndani ya mzunguko mmoja.

Kukutanisha, napitisha ukanda mwembamba wa karatasi kati ya meno, nasukuma mota, nakaza, natoa karatasi. Kisha nazungusha gia kubwa taratibu nikijaribu uchezaji, ule ulegevu mdogo kati ya meno, kwenye sehemu nne, maana gia nyingi za plastiki si duara kamili. Ninapokuta pagumu ndipo ninaporekebishia. Ukirekebishia pale palipolegea, zikifika pagumu zitabana na mota itapata joto ukidhani ni uwiano.

Ukiongeza taimingi kwenye kifuniko cha mota, yaani kuwahisha umeme kwenye waya ili mota izunguke kasi zaidi, toa jino kisha pima upya. Skrubu ya pinioni ikae juu ya ule ubapa wa shafti, na tone dogo la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, dogo kweli, lisije likachirizika hadi kwenye beringi ya mota.