Niliacha kazi nipate kadi ya matibabu, nikakosa vyote viwili

Mikono ilianza kuvimba 2023, hapa Houston, nikiwa mwangalizi kwenye nyumba ya wazee. Baridi yabisi. Asubuhi kifuniko cha maziwa nilikuwa nakifungua kwa meno. Nikapunguza zamu, bima ya kazini ikakatika, maana ukishuka chini ya saa 30 kwa wiki mwajiri halazimiki kukupa. Barua ya COBRA, yaani kubaki na bima ileile ya kazini kwa kujilipia mwenyewe, ikaja na bei iliyonichekesha peke yangu jikoni: dola mia sita na kitu, sijui mia saba, kila mwezi.

Hapo washauri wakajitokeza. Kwenye chama chetu kila mtu ana binamu anayekula pesa za disabiliti. "Mdogo wangu, acha kazi kabisa, omba disabiliti, kadi inakuja humohumo. Wakikuona umefanya hata saa moja, faili wanatupa." Nikasikia la wakubwa. Agosti nikaacha, nikaomba.

Miezi karibu sita nikakaa ndani kama mwali. Hakuna aliyenitajia kwamba hata ukikubaliwa SSDI, yaani hizo pesa za disabiliti, unakaa miezi mitano kamili bila hela, halafu miezi 24 mingine ndipo Medicare, kadi yenyewe ya matibabu, ianze. Miezi 29! Na mimi nilichotaka ni sindano ya baridi yabisi, wala si hundi. Sindano yenyewe bila bima ilikuwa zaidi ya dola elfu tano kwa mwezi. Nikajaribu Medicaid, bima ya serikali ya wasio na kipato: Texas haikuipanua, na mtu mzima asiye na mtoto, ambaye ulemavu wake haujathibitishwa, hapati hata awe hana senti. Nikaenda Obamacare, bima ya kujinunulia yenye ruzuku ya serikali, nikijisemea Obama asili yake Kogelo, hawezi kunitupa jirani yake wa Tanga. Jibu: kipato chako ni kidogo mno kupata ruzuku. Haki ya Mungu. Mwenye kidogo anaongezewa, asiye na kitu alipe bei kamili.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa kliniki ya mtaani, mwenye kucha ndefu za zambarau. Aligeuza bahasha yangu ya barua akachora mistari miwili. Wa chini akaandika kipato cha dola 1,215 kwa mwezi, yaani 14,580 kwa mwaka: hapo ruzuku ya mwaka ule ilianza. Wa juu 1,550, kiwango cha 2024: ukizidisha hapo kwa mwezi, Social Security, wale wanaoamua maombi ya disabiliti, walihesabu kwamba kazi unaiweza. Akagonga katikati kwa ukucha. "Kaa hapa. Bima unapata, na ombi lako halifi."

Yaani kumbe kazi ndiyo ilikuwa inanipa bima! Februari nikarudi, saa 24 kwa wiki, dola 14 kwa saa. Piga hesabu: 1,456 kwa mwezi. Ilikaa kama kofia ya kushonewa. Kwa kipato hicho mwaka ule ulikuwa unaweza kujiunga mwezi wowote, ada sifuri. Lakini chagua daraja la Silver. Bronze, daraja la chini yake, itakuvutia kwa bei halafu ikunyonye dawani. Na hizo sifuri zilikuwa za wakati ule, usije ukanidai.

Raha ilikuwa msimamizi wangu akipiga simu. "Naomba uongeze zamu moja tu." Zamu ni saa nane, dola 112. Jumla 1,568. "Bosi, utanivusha mpaka kwa dola 18." Alidhani natania. Stakabadhi za mshahara nilizibandika kwenye friji kwa sumaku, kila moja na jumla kwa kalamu nyekundu, kama karani wa forodha.

Aprili Social Security wakanikatalia. Nilikuwa na siku 60 za kukata rufaa. Binamu wote wakanipigia: kata! Lakini nilikuwa nimeshadunga sindano ya tano, na kifuniko cha maziwa nafungua kwa mkono. Siku 60 zikapita, barua iko palepale kwenye friji.

Sasa nafanya saa 32, bima nimerudia ya kazini. Msimamizi akipiga kuomba zamu ya ziada, napokea mlio wa kwanza.