Mililita 50 kila baada ya saa 3: siku yangu wodini

Saa 11 alfajiri, Uyole, Mbeya, mwezi wa saba. Baridi inauma hadi mifupani. Navaa sweta mbili, napanda Coaster ya mjini, na malori ya Tunduma yasipoziba barabara, saa 1 na nusu niko wodini.

Mimi ni afisa lishe wa hospitali. Nyumbani wanadhani nalipwa kuhubiri mboga za majani, na wagonjwa wengine huniita "dada wa jikoni". Wapishi nawaheshimu sana, ila mimi sipiki. Chakula cha mgonjwa mahututi kina dozi kama dawa, na kuipanga hiyo dozi ndiyo kazi yangu.

Hadi saa 5 ni kuzunguka na madaktari, kupima uzito, kupima mkono kwa utepe kwa wasioweza kusimama kwenye mizani, kisha wodi ya watoto kuhakikisha maziwa ya F-75, yale ya kuanzia kwa watoto wenye utapiamlo mkali, yamekorogwa kwa kipimo. Mgonjwa mmoja wa upasuaji hajala tangu saa 6 usiku. Upasuaji umeahirishwa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia ale. Hili linaniuma kila linapotokea.

Saa 6 mchana ndugu wakaruhusiwa kuingia, na hapo ndipo siku yangu ilipokwama.

Mama mmoja alikuwa ametoka Tukuyu na chupa ya uji mzito wa maziwa na karanga. Mwanawe ana kilo 40, koo limebana, karibu wiki mbili alikuwa akimeza maji tu. Jana tulimwanzishia maziwa maalum yenye kalori moja kwa kila mililita, kwa mpira wa puani: kalori 10 kwa kila kilo, yaani 400 kwa siku, mililita 50 kila baada ya saa 3. Bomba moja la sindano. Mama aliliona lile bomba akapandisha sauti wodi nzima ikageuka.

"Mtu mzima huyu! Mnamuua kwa njaa, na mimi chakula ninacho!"

Nilimwambia, mama, uji huu utaziba mpira. Akasema atauchuja. Nikamweleza kwamba mwili uliokaa na njaa ukishtukizwa na chakula kingi, madini ya potasiamu, fosfeti na magneziamu hukimbilia ndani ya seli, damu inabaki nazo kidogo, na moyo unaweza kusimama. Hakunisikia, na simlaumu. Nani angeelewa fosfeti huku mwanawe amebaki mbavu? Nikaanza upya. Muuguzi akaja, akaondoka. Mama akalia, akanyamaza, akarudi palepale kwenye uji.

Mwishowe nikamuuliza kama anafuga. Anao ng'ombe wawili wa maziwa.

"Ng'ombe aliyeshinda na njaa, mama, unamwachia gunia la pumba?"

Akanitazama kwa muda mrefu. "Atavimba, afe," akasema taratibu.

Tukainua kichwa cha kitanda pamoja. Nikahakikisha mpira uko tumboni, nikamwonyesha maziwa yanavyoshuka polepole, na maji ya kusafishia mpira baada yake. Ule uji nikammiminia yeye mwenyewe kwenye kikombe. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana jioni.

Saa nzima na zaidi ilikuwa imepita. Mchana wote baada ya hapo nilikuwa nakimbizana na kazi: mgonjwa wa kisukari, mpira ulioziba, fomu. Sikumbuki nilikula saa ngapi.

Jua lilikuwa limeshaegemea milimani majibu ya damu ya asubuhi yalipofika. Potasiamu ya yule kijana imeshuka kidogo. Daktari akaongeza kwenye dripu, tukakubaliana tusipandishe maziwa kesho. Nilikuwa nimeshavua koti jeupe. Nikalivaa tena nikaenda kumwambia mama.

Nilimkuta ameweka kengele kwenye simu yake, saa 3 usiku.

"Bado hamsini?" akaniuliza.

"Bado hamsini, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akamfunika mwanawe miguu.