Chumvi ya Wete na hedifoni ya volti 230

Hedifoni hii niliikuta Darajani, Unguja, kwa muuza vyombo vya Japani vilivyotumika, chini ya rundo la waya za televisheni. Imefungwa pamoja na kisanduku cha bati kizito kama tofali. Kwenye vikombe vya masikio imeandikwa Stax SR-5, kwenye kisanduku SRD-7. Plagi yake ina miguu sita, haiingii pahala popote ila kwenye kisanduku hicho, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeitaka. "Chukua yote elfu thelathini, mwanangu," aliniambia yule mzee, "lakini usije ukanirejeshea." Nikarudi nayo Pemba kwa boti, njia nzima nimeipakata.

Hedifoni za aina hii nilikuwa nikisoma habari zake kwa miaka bila ya kuiona hata moja kwa macho. Kampuni ya Stax ilitoa ya kwanza yake, SR-1, mwaka 1960. Hedifoni tulizozizoea zina sumaku na koili ya waya, na koili ndiyo inayosukuma kikombe kidogo cha plastiki. Hizi hazina sumaku wala koili. Ndani mna utando wa plastiki wa maikroni chache tu, na unywele wa mtu una maikroni kama 70. Utando huo umewambwa kama ngozi ya ngoma baina ya sahani mbili zenye matundu. Unatiwa chaji ya volti 230, halafu muziki unapelekwa kwenye zile sahani: hii ikivuta, ile inasukuma. Hakuna kitu kizito kinachotikisika, ndiyo maana sauti yake ni nyepesi na ya haraka. Kisanduku kina kazi mbili. Kinachukua sauti ya amplifaya, ile ambayo ingekwenda kwenye spika, na kuipandisha volti kwa transfoma. Na kwa umeme wa ukutani kinatengeneza zile volti 230 za kuuchaji utando.

Kisanduku changu nyuma kimeandikwa 100 V, kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Ukikichomeka kwenye ukuta wetu kitaungua mara moja. Transfoma za kushushia umeme zinapatikana kwa hao hao wanaouza vyombo vya Japani, na ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya kuinusa hiyo hedifoni.

Usiku wa kwanza niliweka kaseti ya taarab ya mama, iliyorekodiwa harusini hapa Wete miaka ya themanini. Sikio la kulia nilisikia vidole vya mpiga kanuni vikigusa nyuzi, kila ugusaji peke yake, jambo ambalo katika kaseti ile sikuwahi kulisikia tangu utoto. Sikio la kushoto ilikuwa kama harusi iko nyumba ya tatu na mlango umefungwa.

Nikabadilisha waya kwenye amplifaya, kushoto kwenda kulia. Udhaifu haukuhama. Nikafungua vikombe, nikahamisha viini (yaani utando pamoja na sahani zake mbili), cha kushoto nikakitia kulia. Hapo udhaifu ulihama nacho. Basi kosa lilikuwa ndani ya kiini kimoja, si kwenye waya, si kwenye amplifaya. Ningeishia hapo ningeokoa miezi minne.

Badala yake nilichukua mita nikapima volti za kuchaji kwenye soketi. Ikasoma 156. Nikasema moyoni, kumbe kisanduku kimechoka. Nikaagiza kapasita mpya na dayodi mpya, nikalehemu zote, nikapima tena: 156. Nilikaa na namba ile siku mbili mpaka nikaielewa. Kabla ya soketi mna rezista ya megaomu 4.7, imewekwa makusudi ili mtu akigusa asipate umeme wa kumdhuru. Mita yenyewe ina ukinzani wa megaomu 10. Ukipima, umeme unagawana baina ya hivyo viwili: 230 mara 10 gawa kwa 14.7, jawabu 156. Kisanduku kilikuwa kizima tangu siku ya kwanza, na mita yangu ndiyo iliyokuwa ikinywa volti. Nafundisha fizikia skuli, na swali hili sasa nawapa wanafunzi wa kidato cha nne.

(Anayetaka kufungua kisanduku kama hiki aelewe kwamba ile rezista inalinda matundu ya kuchaji ya soketi tu. Ndani, kwenye umeme wa ukutani na kwenye kapasita, hakuna kinachokulinda. Chomoa, subiri, toa chaji ya kapasita kwa rezista, upime mpaka usome sifuri, ndipo utie mkono.)

Baada ya hapo nikaamua utando wa kushoto umekufa. Juu ya utando kuna mpako unaopitisha umeme kidogo mno, na mpako ukichakaa utando haushiki chaji. Nilikuwa nimesoma hivyo, nikaamini ndiyo maradhi yangu. Binamu yangu aliyeko Dubai aliniletea karatasi ya poliesta ya maikroni 3, nyepesi hata ukipumua karibu yake inakurukia usoni.

Kuwamba utando nyumbani kunawezekana, na ni kazi inayopendeza. Nililaza tyubu ya baskeli mezani haina upepo, nikaweka utepe wa gundi juu yake kuzunguka, nikatandaza plastiki, halafu nikaanza kupiga pampu. Tyubu inavyojaa inavuta plastiki kila upande kwa nguvu sawa. Makunyanzi yanaondoka moja moja, mpaka inakuwa kama maji ya kisima asubuhi, ukiigonga kwa kidole inalia. Hapo ndipo inagundishwa kwenye pete na kukatwa kwa wembe. Nne za mwanzo zilipasuka.

Kwa mpako nilianza na maji ya sabuni ya vyombo yaliyozimuliwa sana, maana wengi wanasema inatosha kwa kujaribia. Ilitosha siku tatu. Siku ya nne ikanyesha, na sikio la kushoto likafifia kuliko zamani. Nikailaumu sabuni, nikawamba utando mwengine, safari hii nikaupaka unga wa grafiti, ule wa kulainishia kufuli, nikausugua kwa pamba na kuusugua tena mpaka plastiki ikarejea kuwa angavu. Wiki moja nzuri. Mvua ikarudi, na kushoto kukafifia tena.

Masika hayo yalikuwa mazito. Jioni moja mama alikuwa jikoni akipika mchuzi wa pweza, akaniita nimfungulie kopo la chumvi. Chumvi ilikuwa imelia maji, imegandana chini, na juu yake zimo zile punje za mchele anazozitia kila mwaka mvua zikianza. "Chumvi ya hapa haikauki mwanangu, bahari iko mlangoni," akasema, akalipiga kopo kwa kiganja. Nilisimama na kopo mkononi. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukishapita asilimia 75 hivi, inajivutia maji yenyewe mpaka inayeyuka. Na maji ya chumvi yanapitisha umeme.

Nikarudi mezani nikakitoa kile kiini, na mara hii sikutazama utando. Nilitazama pete za plastiki zinazoutenganisha na sahani. Kuna nafasi chini ya nusu milimita baina ya utando wenye volti 230 na sahani, na ukingo wa pete ndio daraja pekee baina yao. Kwa kioo cha kukuzia niliona ukingo huo una weupe mwembamba, kama jasho lililokauka kwenye kofia. Niliwamba utando mpya mara mbili, na mara zote mbili niliurudisha juu ya pete zile zile, nimezifuta kwa kitambaa kikavu tu. Umeme unaofika kwenye utando ni wa matone, mfano wa mtungi unaojazwa tone kwa tone. Ukiwa na ufa mdogo hauwezi kujaa, hata uubadilishe mtungi wa juu mara kumi.

Kabla ya kuosha nilitaka kuhakikisha. Nilitia kiini ndani ya kopo la biskuti pamoja na vile vipakiti vya punje za kukaushia vinavyokuja na viatu, nikafunga siku mbili. Nikakitoa, nikakichomeka, na kushoto kukalingana na kulia. Nikakilaza usiku mmoja dirishani, upande wa bandari. Asubuhi kimefifia. Nilifurahi kukisikia kimefifia kuliko nilivyofurahi kukisikia kizima.

Kuosha kwenyewe kulichukua asubuhi moja. Maji ya bomba hayafai, yana chumvi zake. Nilitumia maji ya betri ya gari, yale masafi yasiyo asidi, nikaloweka pete na sahani kwa saa moja, nikamwaga, nikaloweka tena kwa maji mapya. Halafu spiriti. Halafu ndani ya boksi lenye balbu ya wati 40 usiku kucha. Tangu pete zilipoingia majini sikuzigusa kwa kidole. Nilitumia kibanio, kwa sababu jasho la mkono nalo ni chumvi, na alama moja ya kidole ingenirudisha nilikotoka.

Kisha nikauliza kwa nini kushoto tu. Viini vyote viwili vilikaa miaka ile ile pahala pale pale. Jawabu lilikuwa kwenye kinga ya vumbi, plastiki nyengine nyembamba inayofunika kiini mbele na nyuma. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa na mpasuko wa urefu wa punje ya mchele, pembeni kabisa, unaojificha chini ya sponji. Hewa ya bahari ilikuwa ikipita hapo. Nilitengeneza kinga mpya kwa plastiki nene kidogo, ya maikroni 6, nikaiacha ilegee kiasi ili isiwambike na kuanza kulia yenyewe, na nikahakikisha haigusi sahani. Kwa anayekaa pwani, kazi ya kinga hii naiweka mbele ya mpako wa aina yoyote.

Mambo niliyoyageuza baadaye ni machache. Mito ya masikio ilikuwa imekauka na kumong'onyoka, nikampelekea fundi anayeshona siti za gari, akanishonea mipya ya ngozi laini. Ya kwanza ilikuwa minene mno, ikasogeza kiini mbali na sikio na besi ikapungua. Ya pili tulipunguza sponji nusu. Pale mto unapokutana na kikombe nilizungusha utepe laini usiovujisha hewa, na ndio uliorudisha besi ya ngoma ya dumbak kuliko kitu chengine chochote nilichofanya. Waya sikuugusa. Wako wanaopandisha volti za kisanduku mpaka 580, zile za hedifoni za Stax zilizokuja baadaye, lakini viini vya SR-5 vilitengenezwa kwa 230 na sioni sababu ya kuvitesa.

Sasa inalala ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko mgumu, na vipakiti vya kukaushia navipasha moto juu ya bati kila baada ya wiki mbili. Watu wa Pemba tunajua kuanika. Mtu aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu, akikimbia kuyakunja kila wingu likipita, haoni taabu ya kitu kinachotaka kukaushwa.

Masika yaliyofuata nilinunua kipima unyevu, nikakitundika ukutani juu ya meza. Siku moja ya Aprili kilisoma 86. Nikaitoa hedifoni kwenye kopo, nikaiacha wazi kutwa, na baada ya sala ya isha nikamwita ami, ndugu yake marehemu baba, ambaye ujanani alikuwa akipiga fidla kwenye harusi za Wete na Chake. Anasikia vizuri bado, ila hapendi vitu vya kuvaa kichwani. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikamwekea ile kaseti ya mama.

Alikaa kimya nyimbo mbili nzima, mikono magotini. Mie nilikuwa nikisubiri aseme kitu juu ya kanuni. Baina ya wimbo wa pili na wa tatu akainua kidole.

"Hapa kuna mtu amekohoa," akasema. "Kushoto kwangu, nyuma kidogo."

Nikamwambia ndiyo, nami nimemsikia.

"Huyo alikuwa mpiga nai wetu, mwenye filimbi. Alikuwa na pumu, anakohoa kila wimbo ukimalizika, na tulikuwa tukimgombeza." Akaishika hedifoni kwa mikono miwili asije akaiangusha. "Rudisha nyuma, nimsikie tena."