Mto wa tatu

Jamani nimechoka ila acha niwaambie.

Leo nimempeleka mama kliniki ya moyo hapa mjini, tumetoka Igombe alfajiri. Mi nikajua daktari ataanza na presha, kumbe swali la kwanza: "Mama, unalalia mito mingapi?"

Mama akacheka. "Mitatu mwanangu, nikilala chali pumzi inakata."

Daktari hakucheka.

Akasema moyo ukichoka kusukuma damu, ukijilaza tu maji yaliyokaa miguuni yanarudi kifuani, mapafu yanajaa, ndo maana mtu anatafuta mito. Na ubavu wa kushoto wagonjwa wengi wanaukwepa wenyewe bila kuambiwa, moyo unasogea karibu na mbavu wanausikia unavyodunda. Wewe mzima lala utakavyo.

Sasa mi nimekwama kwenye ule mto wa tatu. Ni wangu. Aliuchukua Pasaka, nikamtania eti bibi anapenda raha siku hizi.. miezi yote hiyo hakusema kitu 😔

Sahivi tuko kwenye daladala, kashika bahasha ya dawa ananiuliza sato tunanunua Kirumba au nyumbani.

Wenu wanalalia mingapi? Waulizeni leo mniambie.