Sharubu ya paka ndiyo iliyonipa fuwele

Kwa miezi saba nimeambiwa wimbo mmoja: protini ya bakteria haiwezi kufanya fuwele Nairobi, peleka sampuli nje wakufanyie. Fuwele zangu zimekulia hapa hapa, kwenye chumba kidogo kando ya barabara ya matatu.

Protini yenyewe ni beta-laktamasi ya Klebsiella, kimeng'enya kinachovunja penisilini kabla haijamdhuru bakteria. Kuizalisha na kuisafisha hakukunisumbua. Shida ni fuwele, na bila fuwele eksirei haiwezi kunionyesha umbo la protini. Unachanganya mikrolita 1 ya protini na 1 ya mmumunyo wa kisimani, yaani kishimo kidogo cha sahani, unaning'iniza tone juu ya kisima hicho chini ya kipande cha kioo, unaziba kwa grisi, unasubiri.

Mara ya kwanza niliona sindano ndefu zinang'aa kwenye hadubini, nikampigia mama simu usiku ule ule. Asubuhi nikaigusa moja kwa ncha ya pini. Kach! Ikapasuka kama sukari. Fuwele ya protini karibu nusu yake ni maji, ukiigusa inameguka tu. Ile ilikuwa chumvi: niliacha fosfeti kwenye bafa, mmumunyo unaotunza protini, na kisimani mlikuwa na magnesiamu, vikashikana. Nililia. Ukiweza, tumia Tris, bafa isiyo na fosfeti.

Baadaye zilikuja za kweli, ila vidogo vidogo, vimeshikana kama ukoko. Nikashauriwa ninunue vifaa vya bei ya kodi yangu ya miezi kadhaa. Ushauri mbaya kabisa! Nilienda kwa mama wa duka la kona.

"Shikamoo mama. Naomba sharubu ya paka wako, ile iliyodondoka yenyewe."

"Marahaba. Ya nini, mwanangu?"

"Ya kupandia mbegu."

Akaniruhusu nitafute kwenye gunia analolalia paka. Nikapata mbili. Nilizisafisha kwa spiriti, nikaugusa ule ukoko kwa ncha ili ibebe chembe za kuwa mbegu, kisha nikapitisha sharubu mara moja katikati ya matone mapya yaliyo angavu. Sahani nikazifungia kwenye boksi la povu la kubebea samaki, maana umeme ukipotea joto la chumba hupanda na kushuka. Siku ya tatu, palipopita sharubu pameota fuwele nene, zimefuatana kama miche ya sukuma kwenye tuta.

Nilizichovya kwenye gliseroli ili barafu isiziharibu, nikazigandisha kwa naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ile ile wanayohifadhia mbegu za fahali, zikasafiri hadi sinkrotroni ya Diamond, Uingereza, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali. Afrika bado haina yake. Miale ya eksirei niliiongoza kwa tarakilishi nikiwa Nairobi.

Umbo la protini ndugu yake lililokwisha kujulikana likanitatulia fumbo la awamu, ile taarifa ya mawimbi ambayo picha za eksirei hazirekodi. Wavu wa buluu, ramani ya elektroni za protini, ulipotokea kwenye skrini, nilienda moja kwa moja kwenye serini ya 70, asidi amino inayoishambulia penisilini. Ilikuwa pale, mkono wake umeelekea mfukoni, pale penisilini inapoingia.