Malaria au kitu kingine?

Hapa Tanga mtu ukisema tu kichwa kinauma na mwili hauna nguvu, jibu liko tayari, malaria hiyo, kachukue dawa ya mseto. Masika yenyewe ndo haya, madimbwi yamejaa huku nyuma kwetu Ngamiani, mbu wanaimba usiku kucha, sasa nani atawaza kitu kingine? Na mi nilikuwa hivohivo, uchovu ule wa kukaa mkekani ukaona hata kunyanyuka kwenda kuzima jiko ni safari, mdomo mchungu, kiuno kizito, tumbo linavuta chini kabisa yani unasema leo leo naingia kwenye siku zangu. Siku zenyewe haziji. Ila za kwangu huwa zinayumbayumba toka zamani kwa hiyo peke yake isingenistua.

Mama mkwe yeye hakuuliza chochote. Alikuwa jikoni anakaanga changu, changu wabichi wa asubuhi, wametiwa ndimu na kitunguu saumu, ambao siku zote mi ndo mdokozi wa kwanza. Mafuta yalivoanza kulia tu ile harufu ikanipanda mpaka utosini, nikatoka mbio uani nimeshika ukuta na hakuna kinachotoka, mate tu, mate mengi hayaishi. Narudi namkuta kashageuza samaki wake, kaacha mwiko, ananitazama shingoni. Shingoni jamani! Baadae wifi ndo akaniambia wazee wanaangalia ule mshipa unavopigapiga hapo kooni, hicho ndo kipimo chao. Siwacheki, maana mimba ikiingia damu inaongezeka na moyo unakwenda mbio zaidi, ila moyo huohuo unakwenda mbio kwa homa, kwa upungufu wa damu, hata kwa kugombana na mume. Sasa shingo itatofautisha vipi?

Na ndo ubaya wa hizi dalili za mwanzo, kila moja ina pacha wake. Matiti yalikuwa yanauma mpaka kanga ikigusa nasikia, lakini si ndo yanavyouma kila mwezi kabla ya hedhi? Homoni ni ileile projesteroni. Uchovu na kichefuchefu, malaria nayo inavyo. Kwenda chooni kila saa, ukisema mbele za watu utaambiwa ni yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo.

Nina shoga yangu nesi, nikampigia nikamwambia nataka kumeza mseto. Akaniuliza umepima? Nikamwambia malaria au nini? Akasema vyote viwili bibi, kidole na mkojo, maana mtu anaweza akawa na mimba na malaria kwa pamoja na hapo ndo pabaya, malaria inamaliza damu ya mama na mimba yenyewe inaweza kutoka. Afu mimba ikiwa changa kuna dawa hupewi, zile SP za kuzuia malaria kwa mfano zinasubiri miezi mitatu ya kwanza iishe, kwa hiyo anayekuandikia lazima ajue una mimba au huna. Kingine akaniambia kipimo cha mkojo kinatafuta homoni inaitwa hCG, na hiyo inaanza kutoka pale yai linapojishikiza kwenye ukuta wa kizazi, siku 6 mpaka 12 hivi baada ya kurutubishwa, ndo maana ukikimbilia mapema mno kinakwambia hamna na kumbe imo. Subiri siku ya hedhi ipite, kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi, usome ndani ya zile dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, si unakiokota jioni unaanza kubishana na vistari.

Malaria hamna. Vistari viwili, cha pili kimefifia lakini kipo, na shoga kasema kufifia si hoja.

Kasheshe ikaanza kwenye kuhesabu. Zahanati wamenipigia hesabu wakasema wiki ya 5. Mume wangu dereva wa lori, kasikia 5 kanyamaza, namwona vidole vinacheza pajani, afu taratiiibu anasema, mbona wiki 5 nyuma mi nilikuwa Tunduma? Nilitaka kulia nikaishia kucheka mpaka mbavu zikauma. Ikabidi nimweleze kwamba wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo zile wiki 2 za mwanzo mimba yenyewe haijaingia bado, zinahesabiwa tu. Alivofika hapo akaanza kuhesabu upya, akakumbuka siku aliyorudi, akatabasamu mwenyewe. Ndoa ngapi zimeingia doa kwa hesabu hii, sijui.

Sa hivi natamani udongo, ule wanaouza sokoni kwa vipande. Nesi kaukataa, kasema hamu ya udongo mara nyingi inakwenda na upungufu wa madini ya chuma, na udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, bora nimeze vidonge vya chuma na folik asidi. Hiyo folik ndo sababu ya kutaka kujua mapema, maana inasaidia mfereji wa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto ufunge vizuri, na unafunga ndani ya wiki 4 hivi tangu mimba kutungwa, na wengi wetu wakati huo bado tunasema malaria. Na akanikazia kwamba maumivu makali ya tumbo upande mmoja, damu au kuzimia, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Kliniki wanataka uanze kabla ya wiki 12, na waende baba na mama, wanapima presha, wingi wa damu, kaswende na virusi vya ukimwi. Mume kakubali, kanyoosha na shati. Jana usiku ndo kaniuliza kama na yeye anachomwa, nikamwambia ndio, kidoleni tu, na hapohapo akakumbuka ana mzigo wa kupeleka Horohoro.