Jinsi nilivyoacha kuukatakata wimbo

Kwaya yetu imezoea sol-fa (do, re, mi), lakini mpiga kinanda wetu mpya anasoma nota za mistari tu. Ndipo nikajifunza ABC, ule mtindo alioanzisha Chris Walshaw: unaandika nota kwa herufi za kawaida, programu inakuchorea. Kwangu ilifaa, maana naandikia kwenye simu nikiwa kwenye daladala.

Kioo cha simu ni chembamba, kwa hiyo kila baada ya bari mbili (bari ni nota zilizo kati ya alama mbili za |) nilibonyeza Enta. Nilipochapisha, wimbo wa ukurasa mmoja ukawa kurasa nne, bari mbili mbili zikielea kila mstari. Mzee mmoja wa besi akauliza, "Mwalimu, hapa tunapumua au wimbo umeisha?"

Kumbe kwenye ABC, pale unapokata mstari wa nota ndipo na karatasi inapokata. Ukitaka iendelee, maliza mstari kwa mkwaju unaolalia nyuma (mistari inayoanza na w: ni maneno ya kuimba):

C F2 FGA | A3 G3 |\
w: M-to-to wa-ngu njo-o
F2 G F3 |]
w: nyu-mba-ni

Angalia hiyo "M" ya mwanzo. Kwetu ni silabi kamili, ina nota yake. Siku ya kwanza niliandika "Mto-to", maneno yote yakasogea nota moja mbele na nota ya mwisho ikabaki bubu. Nilitafuta kosa kwenye mkwaju karibu saa nzima, kumbe mkwaju hauna hatia.

Maneno yana sheria yake. Mstari wa w: ukiwa mrefu, nilidhani mkwaju uleule utausogeza chini. Mafaili ya zamani utayakuta hivyo, ila toleo la 2.1 la kanuni za ABC, la Desemba 2011, linataka mstari wa pili uanze na +: na si vinginevyo. Mimi naona ni afadhali: mkwaju ni wa nota, +: ni ya maneno, huchanganyi.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa mstari mtupu. Niliuacha kati ya kiitikio na shairi ili faili lipendeze, na shairi lote halikutokea. Kwa ABC, mstari mtupu maana yake wimbo umekwisha. Siku hizi nikitaka nafasi naweka % peke yake; programu inaiona kama maelezo na kupita.

Kwa nyimbo ndefu hata mkwaju nimeuacha. Juu, kabla ya K: (mstari unaotaja ufunguo wa wimbo), naandika I:linebreak $, kisha nabonyeza Enta ninavyotaka. Karatasi inakata kwenye $ tu, na hizo $ naziweka pale besi wanapovuta pumzi. Yule mzee hajauliza tena, ingawa sasa analalamika kwamba herufi ni ndogo.